Kibanda cha simu nacho ni historia?

Haya wapendwa, nimekuwa kimya wiki mbili, si mnajua mambo ya test. Zimeisha, yaliyobaki tumwachie Mungu na mhadhiri. Leo nina moja la kuwasimulia.

Jana kwenye semina ya uhifadhi wa majengo ya kale, kila mtu alitakiwa kutaja jengo moja. Wenzangu wakataja magofu ya Kilwa, Ngome Kongwe ya Zanzibar, n.k. Mimi nikasema: vibanda vyekundu vya simu vya Uingereza. Darasa zima likacheka! Jamaa mmoja akauliza, "Sasa kibanda cha simu nacho ni historia?" Pale pale sikupata jibu zuri, kwa hiyo najibu hapa.

Enzi hizo simu za Uingereza zilikuwa chini ya Posta, na kibanda chao cha zege cha 1921 wengi hawakukipenda. Mwaka 1924 yakafanyika mashindano ya kuchora kipya, akashinda Giles Gilbert Scott, yule yule msanifu wa Kanisa Kuu la Anglikana la Liverpool. Kuba ya kibanda chake inafanana na ya kaburi la Sir John Soane, msanifu wa zamani aliyezikwa London. Scott alipendekeza rangi ya fedha, Posta wakachagua nyekundu. Kibanda hicho, K2, kikaanza kusimama mitaani London 1926. Kilikuwa kikubwa na cha gharama, hivyo 1935, mwaka wa jubilei ya Mfalme George V, Scott akachora kidogo zaidi, K6. Hicho ndicho kilichofika mpaka vijijini, takriban 60,000.

Basi bwana, 1984 British Telecom ikabinafsishwa, na mwaka uliofuata ikatangaza kubadilisha vibanda vya zamani. Vingi viling'olewa, vingine vikauzwa kuwa mapambo ya bustani. Watu wa Thirties Society, chama cha kutetea majengo ya karne ya 20, wakapiga kelele. Kuanzia 1986 serikali ikaanza kuviingiza kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria, na leo viko zaidi ya 2,000.

Lakini hapa ndipo nilipotaka kufika. Sheria inalinda chuma, haileti mtu wa kufungua mlango. Kibanda kinaweza kuwa kwenye orodha na bado kikaoza, rangi imebanduka na vioo vimevunjika. Kilichosaidia zaidi ni mpango wa 2008 wa kuwapa wanakijiji vibanda kwa pauni 1. Kijiji cha Westbury-sub-Mendip kiligeuza chake kuwa maktaba ndogo 2009. Kwingine wameweka mashine ya kushtua moyo uliosimama. Na mwaka 2022 mdhibiti wa mawasiliano, Ofcom, aliweka ulinzi kwa vibanda kama 5,000, si kwa uzuri wake, bali kwa sababu viko penye mtandao hafifu au ajali nyingi.

Kwa nini yananiuma mambo ya Waingereza? Mwaka 2003 mama alipanga foleni kwenye simu ya kadi karibu na posta ya mji wetu, mimi nikiwa mgongoni, ampigie baba aliyekuwa kazini mbali. Baba alisikia sauti yangu kwa mara ya kwanza pale (nilikuwa nalia, bila shaka). Kadi ile mama anayo mpaka leo, ndani ya Biblia. Likizo iliyopita nilikwenda kupaangalia. Pamebaki kipande cha saruji na boliti nne zenye kutu. Nikamuuliza mama kiliondolewa lini, akasema, "Mwanangu, hata sikuona."

Ndugu yangu uliyecheka, jibu langu ndilo hilo. Jengo kubwa likibomolewa watu hukusanyika. Kibanda hung'olewa asubuhi, na mchana muuza vocha keshaweka mwavuli wake hapo hapo.

Ukienda nyumbani, waulize wazee wako walikuwa wanapigia simu wapi. Wikiendi njema jamani.