Tunguu

Wengi tunalijua neno hili kupitia mtoto wake, kitunguu, tukalifungia jikoni. Tunguu ni sehemu nene ya mmea iliyo chini ya ardhi, ghala la chakula linalouvusha kiangazi hadi majira ya kuchanua. Katika milima ya Chile, karibu na Santiago, kuna ua la buluu iliyokoza ajabu, Tecophilaea cyanocrocus. Matunguu yake yalichimbwa kwa wingi kupelekwa bustani za Ulaya, mifugo nayo ikalishwa katika milima hiyo, hata likadhaniwa limetoweka porini. Mwaka 2001 likaonekana tena. Anayechuma ua huliacha tunguu lichipue mwakani. Anayeling'oa huondoka na maua ya miaka yote ijayo. Waandishi wa mazingira, nawasihi, andikeni “matunguu”. Kusema “mizizi” kunaficha ukubwa wa hasara hiyo.