Mpira na Kitabu: Historia ya Mpaka Wetu na Swali la Ligi ya Desemba

Wiki hii zamu ya insha ni yangu. Mnajua kwenye kikao cha mwisho tulibishana sana. Wengine walisema ligi yetu ya likizo ya Desemba iwe na sheria mpya: mchezaji alete ripoti ya shule, na aliyefeli asicheze. Mfadhili mmoja aliipenda sana hiyo sheria, akasema Marekani ndivyo wanavyofanya. Mimi sikujibu siku ile. Nilitaka kwanza niangalie historia, ya huko kwao na ya kwetu huku Busia na Tororo, halafu ndiyo niseme.

Tuanze nyumbani. Wengi wetu tunadhani mpaka wa Busia na Malaba umekuwepo tangu dunia iumbwe. Hapana. Mpaka tarehe 1 Aprili 1902, nchi yote hii mpaka Kisumu na kuendelea ilikuwa ndani ya Uganda. Waingereza ndio waliokata jimbo la mashariki la Uganda wakaliweka upande wa pili, ambao baadaye ukaitwa Kenya. Hawakumuuliza mtu. Wasamia wakajikuta wako nchi mbili, Wateso nchi mbili. Mjomba yuko Uganda, shangazi yuko Kenya, na shamba liko katikati. Ndiyo maana hata leo mtoto wa Busia anaweza kulala upande mmoja na kusoma upande mwingine. Uganda ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 1997, na Kenya ikafuata mwaka 2003, watu wa mpakani walijua haraka sana shule ipi ina nafuu.

Mpira nao ulikuja na shule. Hilo ni jambo la kukumbuka. Huku kwetu mpira haukuanza kama adui wa kitabu. Wamisionari walipojenga shule, mara nyingi kengele ya darasa na goli la miti vilisimama kwenye uwanja mmoja. Shule ya Maseno, safari si ndefu kutoka Busia, ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1928 alikuja mwalimu mkuu anaitwa Carey Francis, mtaalamu wa hisabati kutoka Cambridge. Alikuwa mkali wa hesabu, na mpira aliupenda kwelikweli. Alikaa Maseno mpaka 1940, kisha akaenda kuongoza Alliance mpaka 1962. Kwa walimu wa namna hiyo uwanja ulikuwa sehemu ya masomo: kufika kwa wakati, kumtii refa, kutomwacha mwenzako.

Na mpira ulivuka mpaka mapema. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni. Ndiyo, sabuni! Kombe hilo ndilo babu wa mashindano ya CECAFA tunayoyajua leo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1931, reli iliyopita Tororo ikafika Kampala.

Sasa nije kwa mtu ambaye vijana wengi wa umri wangu hawamjui, na ni aibu. Mwaka 1964 klabu za Waluhya ziliungana zikawa Abaluhya United. Mwaka 1980, majina ya kikabila yalipokatazwa kwenye michezo, timu ikaitwa AFC Leopards. Huku mpakani, kwa Wasamia, Wamarachi na Wakhayo, hii ndiyo timu ya nyumbani hata kama uwanja wake uko Nairobi. Katika Leopards hiyo alicheza mshambuliaji anaitwa Joe Masiga, watu wakimwita JJ. Alicheza pia Harambee Stars, katika kizazi kilichobeba Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Fainali ya 1982 ilichezwa Kampala, Kenya ikaishinda Uganda kwa penalti. Fikirieni huku mpakani usiku ule ulikuwaje, nyumba moja ina mashabiki wa pande mbili.

Lakini hiyo si sababu ya mimi kumtaja. Namtaja kwa sababu JJ Masiga alikuwa daktari wa meno. Alisoma Chuo Kikuu cha Nairobi, na pale chuoni alicheza pia raga kwenye timu ya Mean Machine. Yaani mtu huyohuyo asubuhi anasoma mishipa ya taya, jioni anawasumbua mabeki. Wakati ule mchezaji wa kwetu hakulipwa pesa za maana. Wengi waliomaliza mpira walimaliza na njaa. Yeye alipovua jezi alikuwa na koti jeupe la kuvaa.

Hakuna aliyemwekea sheria ya kuleta ripoti ndipo aguse mpira. Mpira na masomo viliishi pamoja kwa sababu chuo kilimpa vyote viwili mahali pamoja. Hapo ndipo tofauti ilipo, na nitairudia.

Sasa Marekani. Kule wanaposema futiboli wanamaanisha ule mchezo wao wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, si huu wetu. Unachezwa sana vyuoni, mbele ya watu elfu nyingi. Tangu 1959 taasisi inayoitwa National Football Foundation inawatuza wachezaji wa vyuo wanaofanya vizuri darasani. Mwaka 1990 iliongeza tuzo kubwa ya mmoja aliye bora kuliko wote, ambayo leo inaitwa Tuzo ya William V. Campbell. Ili jina lako liingie, unatakiwa uwe na wastani wa angalau 3.2 kati ya 4, uwe mchezaji wa maana kwenye timu yako, na uwe umeonyesha uongozi na kuwasaidia watu. Wa kwanza kuipata alikuwa Chris Howard wa chuo cha jeshi la anga. Baadaye alikuja kuwa mkuu wa chuo kikuu. Peyton Manning, ambaye mashabiki wa mchezo ule wanamjua wote, aliipata mwaka 1997.

Yupo na Myron Rolle, mtoto wa familia iliyotoka visiwa vya Bahamas. Mwezi Novemba 2008 alikuwa na mambo mawili siku moja: usaili wa kupata ufadhili wa Rhodes wa kwenda kusoma Oxford, na mechi ya timu yake katika mji mwingine wa mbali. Alienda kwenye usaili, akaupata ufadhili, akapanda ndege, akaingia uwanjani usiku uleule. Leo ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Na sisi tuna jina letu kule: Mathias Kiwanuka, aliyesoma Boston College na kuchezea New York Giants. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, yule aliyekamatwa na watu wa Amin mwaka 1972 na hakurudi tena.

Habari nzuri hizi. Lakini angalieni vizuri. Ile tuzo ni heshima, inawekwa juu ya kichwa cha aliyefanya vizuri. Haikuwekwa mlangoni kama askari. Tena ni kweli kwamba vyuo vyao vina kiwango cha chini cha alama ambacho mchezaji lazima afikishe ili acheze. Ila chuo kinachomdai alama ndicho kinachompa chumba, chakula, vitabu na mwalimu wa kumsaidia akikwama. Na hata kwa hayo yote, wachezaji wengi wa kule walitumika uwanjani wakaondoka bila digrii.

Sisi tunadai alama kwa nani? Na tumempa nini?

Hapa niseme kidogo kuhusu sisi wenyewe. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu walikimbia kupitia Busia na Malaba wakaingia Uganda. Wengi walipelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, na mwaka 2008 wakahamishiwa Kiryandongo. Familia yetu ilikuwamo. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ripoti zangu zote zilibaki kwenye nyumba ambayo haipo tena. Mulanda tulikuwa na mpira wa karatasi na kamba, na hatukuulizana nani alikuwa wa ngapi darasani. Baadaye shule moja ilinirudisha madarasa mawili nyuma kwa sababu sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Kama wakati ule mtu angesema bila ripoti huchezi, ningekosa darasa na uwanja kwa pamoja. Na uwanja ndio ulionirudisha darasani, kwa sababu kocha wetu alikuwa mwalimu wa hesabu.

Mnamjua pia Nadia Nadim. Alizaliwa Herat, Afghanistan. Baba yake aliuawa na Taliban, na yeye na mama yake na dada zake wakakimbilia Denmark. Mpira aliuanzia kwenye kambi ya wakimbizi. Akafika timu ya taifa ya Denmark, akachezea Manchester City na Paris Saint-Germain, na katikati ya mechi zote hizo alikuwa anasoma udaktari. Mwaka 2022 akahitimu. Huyo ni mkimbizi, ni msichana, ni mchezaji, ni daktari. Alianza na uwanja uliokuwa wazi kwake. Cheti kilikuja mwisho.

Kwa hiyo naipinga ile sheria, na naomba nisieleweke vibaya. Sisemi masomo hayana maana. Nasema sheria hiyo itamkamata asiyestahili. Mwenye ripoti nzuri hana shida, atacheza. Atakayebaki nje ya kamba ni yule winga wetu wa kushoto, mnamjua, aliyeacha shule kwa kukosa karo na sasa anaendesha boda. Jina lenyewe boda linatoka huku kwetu, kwa vijana wa baiskeli waliobeba watu na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha upande huu na cha upande ule. Kazi hiyo ililea familia nyingi. Tukimfungia huyo kijana uwanja, saa zile mbili za jioni atazipeleka wapi? Ninyi mnajua, na mimi najua. Njia za panya zinahitaji wabebaji kila siku.

Badala yake napendekeza tuchukue tuzo tuache uzio. Kwanza, ligi ya Desemba iwe wazi kwa kila aliyejiandikisha. Pili, siku ya fainali kuwe na zawadi mbili zenye thamani sawa: moja ya mchezaji bora, na moja ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa katika masomo. Nasema hatua, sisemi nafasi ya kwanza. Aliyekuwa wa 60 akawa wa 35 amekimbia mbali kuliko aliyekaa wa 3 mwaka mzima. Tatu, masomo ya jioni ya watu wazima na mafunzo ya ufundi yahesabike, ili hata mwendesha boda awe na njia ya kushinda. Asiye na karatasi, mwalimu wake aandike barua. Nne, wasichana wawe na zawadi zao kamili, zisiwe nusu.

Na zawadi yenyewe isiwe kombe la plastiki. Iwe karo ya muhula au ada ya mtihani. Hapo ndipo nawaomba ndugu zetu wa mashirika. UNHCR na washirika wake wameweka lengo kwamba ikifika 2030, vijana wakimbizi 15 katika kila 100 wawe vyuoni. Lengo zuri. Lakini safari ya kufika chuo inapita kwenye ada ya mtihani wa mwaka huu, na wengi wetu tunaanguka hapo hapo.

Kikao ni Jumamosi saa nane mchana. Mwenye hoja tofauti aje nayo, tujibizane kwa adabu kama tulivyozoea. Na kama kuna mtu anaweza kumfikishia winga wetu ujumbe, amwambie aje pia. Tunamjadili yeye, si vizuri akose kuwepo.