Karatasi ya Kutupa na Karatasi ya Kutunza

Wahenga walituachia methali mbili ambazo zikiwekwa pamoja hutatiza kidogo. Ya kwanza yasema, "Akiba haiozi." Ya pili yasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Ya kwanza humpa moyo mtu wa kulimbikiza, ya pili humwonya kwamba kulimbikiza bila mpango ni sawa na kutokuwa na kitu. Nyumba nyingi za watu wa rika langu zimeshika methali ya kwanza na kuisahau ya pili. Chini ya kitanda mna sanduku la bati, juu ya kabati kuna maboksi, na ndani yake zimo risiti za dukani, kadi za harusi za watu waliokwisha kuachana, kalenda za miaka iliyopita, na mahali fulani katikati ya hizo imo hati ya shamba. Mwenye nyumba akifa, watoto hulifungua sanduku baada ya arobaini, hupekua kidogo, huchoka, kisha huwasha moto.

Siku hizi wamezuka walimu wa kupanga nyumba, nao wanasomwa duniani kote. Aliyevuma zaidi ni Mjapani Marie Kondo, ambaye kitabu chake kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 2014. Kuhusu karatasi, kanuni yake ya kuanzia ni kuzitupa zote, kisha kubakiza zile tu zinazotumika sasa, zinazohitajika kwa muda, au zinazopaswa kukaa daima. Ushauri huo una busara, maana nyumba si ghala. Lakini mtu aliyesoma historia hawezi kuishia hapo. Historia inatuonyesha kwamba kazi ya kuchambua karatasi, hata ikifanywa na karani mnyonge katika chumba chenye vumbi, ni kazi ya kuamua nani atasadikiwa kesho na nani ataambiwa kwamba anasema uongo.

Wingi wa karatasi si jambo la kale sana. Katika ofisi za Ulaya na Marekani za karne ya 19, barua zilikunjwa, zikaandikwa maelezo mgongoni, zikafungwa kwa utepe na kuchomekwa katika vishubaka vya kabati. Kisha zikaja taipureta na karatasi ya kaboni, na barua moja ikawa tatu au nne. Mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago, kampuni ya Library Bureau, iliyoanzishwa na mkutubi Melvil Dewey, ilionyesha namna ya kuzisimamisha karatasi wima ndani ya majalada katika droo ndefu. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililozaa kabati la mafaili tunalolijua. Serikali za kikoloni ziliutumia utaratibu wa majalada na namba zake, na kila boma likawa na masjala yake. Tangu hapo mwananchi wa kawaida akawa na watu wawili: yeye mwenyewe, na yule aliyemo ndani ya jalada.

Majalada yalipofurika, wataalamu walianza kubishana. Mwingereza Hilary Jenkinson, katika kitabu chake cha mwaka 1922, alishikilia kwamba mtunza nyaraka si kazi yake kuchagua cha kuteketeza. Yeye ni mlinzi, apokee alicholetewa na kukihifadhi kama kilivyo. Mmarekani Theodore Schellenberg akajibu, katika kitabu cha mwaka 1956, kwamba kwa wingi wa karatasi za serikali ya kisasa haiwezekani kutochagua. Akafundisha kwamba waraka una thamani ya aina mbili: ile inayomhusu aliyeuandika kwa shughuli yake ya wakati ule, na ile inayowahusu wengine watakaouhitaji baadaye kwa sababu ambazo mwandishi hakuziwazia. Mimi naona fundisho hilo lingefaa kubandikwa kwenye kila kabati la nyumbani. Mwenye karatasi aghalabu huiona thamani ya kwanza peke yake. Kwake yeye shughuli imekwisha, basi karatasi nayo imekwisha.

Mfano mkubwa wa uchambuzi wa karatasi katika eneo letu ulitokea Kenya. Mwezi Mei 1961, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa maelekezo juu ya nyaraka ambazo hazikutakiwa kurithiwa na serikali huru zilizokuwa zinakuja. Miongoni mwake zilikuwamo zile ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza, au polisi wake, askari wake, watumishi wake na watoa habari wake. Majalada yakagawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliitwa la urithi, nalo liliweza kukabidhiwa kwa wenyeji. Fungu la pili lilipigwa muhuri wa herufi W, nalo lilishikwa na maofisa waliokuwa raia wa Uingereza wenye asili ya Ulaya tu. La pili ama lilipelekwa London ama liliteketezwa. Maelekezo yalieleza hata namna ya kuteketeza: majivu yavurugwe yasisomeke, na kama ni kutosa baharini, basi makasha yatiwe uzito na kutoswa kwenye kina kirefu kisicho na mkondo. Pale ambapo jalada moja lilitolewa katikati ya mengine, ilielekezwa kwamba litengenezwe pacha la bandia kushika nafasi yake, ili pengo lisionekane.

Yafaa tuutazame vizuri utaratibu huo, kwa kuwa kwa sura ya nje hauna tofauti na ushauri wa kupanga nyumba. Kuna mafungu mawili, kuna kanuni, kuna moto. Tofauti yake ni swali lililoulizwa. Kilichoulizwa ni "Je, karatasi hii itatusumbua sisi?" Haikuulizwa kama kuna mtu mwingine atakayeihitaji.

Majalada yapatayo 1,500 ya Kenya yalisafirishwa kwenda Uingereza karibu na uhuru wa Desemba 1963. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya walifungua kesi London, wakidai kwamba waliteswa kikatili wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 dhidi ya Mau Mau. Walikuwa na makovu na kumbukumbu zao, lakini mahakama hutaka na maandishi. Wanahistoria waliowasaidia, akiwamo David Anderson wa Oxford, walisisitiza kwamba majalada fulani lazima yalikuwapo. Mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ilikiri kwamba yalikuwa yamehifadhiwa katika jumba la serikali la Hanslope Park, pamoja na mengine yaliyofikisha jumla ya 8,800 hivi kutoka makoloni 37. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri William Hague alisimama bungeni akaeleza masikitiko ya serikali yake, na kutangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Karatasi zilizonusurika moto ziliwafaa wazee wale miaka 50 baadaye. Zile zilizochomwa hazitamfaa mtu tena.

Msomaji anaweza kusema kwamba huo ni ukoloni, na nia yake ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Basi na tutazame mkasa mwingine ambao ndani yake nia mbaya si ya lazima. Mwezi Juni 1948 meli ya Empire Windrush ilifika Tilbury, karibu na London, ikiwa na abiria wengi kutoka visiwa vya Karibea. Katika miaka iliyofuata walikuja maelfu wengine, tena kwa haki, kwa kuwa walikuwa raia wa himaya ile. Wengi hawakupewa hati yoyote ya ukaazi, ila kadi zao za kuingilia nchini zilibaki serikalini. Mwaka 2010, ofisi iliyozitunza huko Croydon ilipokuwa inahama jengo, kadi za zamani ziliteketezwa. Ilikuwa ni usafi wa stoo. Baada ya hapo sheria za uhamiaji zikakazwa, na wazee hao waliofika wakiwa watoto wakatakiwa kuthibitisha kwamba walikuwapo nchini mwaka baada ya mwaka. Kadi zile pekee zisingemaliza tatizo lote, lakini kwa wengine zingekuwa ushahidi wa tarehe ya kuingia. Badala yake waliambiwa watafute karatasi majumbani mwao: hati za mishahara, barua za shule, kadi za kliniki. Fedheha hiyo ilipofichuka mwaka 2018, ilijulikana kuwa wapo waliofukuzwa kazi, walionyimwa matibabu, na hata waliorudishwa katika nchi walizoziacha utotoni.

Huku kwetu nimeliona jambo la namna hiyo kwa macho yangu. Katika chuo kimoja cha ualimu nilichofundisha, iliamriwa stoo isafishwe kwa sababu mgeni mkubwa alikuwa anakuja. Daftari za usajili na majalada ya wanachuo wa zamani vilichomwa nyuma ya jiko kwa siku mbili. Stoo ikapendeza. Miaka kadhaa baadaye alikuja mwalimu aliyekaribia kustaafu, ambaye tarehe zake za mafunzo zilikuwa na utata na mafao yake yamesimama. Chuo hakikuwa na la kumpa. Kilichomwokoa ni barua ya kuitwa chuoni, ambayo marehemu mama yake aliitia katika mkoba wa ukili pamoja na kadi za chanjo na kuining'iniza darini. Mama huyo hakujua kusoma, lakini alijua kwamba karatasi iliyomtoa mwanawe nyumbani si ya kuwashia moto.

Umuhimu wa mkoba kama ule ulidhihirika Tanzania nzima mwaka 2017, serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi wake. Taarifa iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli mwezi Aprili mwaka huo ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wengine 11,596 ambao vyeti vyao vilikuwa pungufu. Siwatetei walioghushi. Nasema tu kwamba kwa muda ule nchi nzima ilipekua masanduku, na kila nyumba ikajua thamani ya utaratibu wake au gharama ya kukosa utaratibu.

Basi mtu afanyeje? Kuhifadhi kila kitu si jibu. Sanduku lisilopangwa ni moto wa polepole: mchwa, unyevu na panya humaliza kazi ileile. Napendekeza mafungu matatu. La kwanza ni la kutupa bila huruma: matangazo, bahasha tupu, kadi za michango, maelezo ya redio iliyokwisha kufa. La pili ni la kukaa kwa muda, mathalani stakabadhi za kodi, ankara na mikataba iliyokwisha. Kila bahasha iandikwe juu mwaka ambao itafunguliwa na kuamuliwa upya. La tatu ni la daima: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya talaka na vya vifo, vyeti vya shule, barua za ajira na za kupandishwa cheo, hati za ardhi pamoja na majina ya mashahidi wa mipaka. Fungu hili aghalabu halizidi unene wa kitabu kimoja, nalo lapaswa kuwa na nakala katika nyumba nyingine. Zaidi ya hayo, mke, mume au mtoto mmoja mzima ajue lilipo. Wajane wangapi wamezungushwa katika mirathi kwa sababu marehemu alikuwa msiri wa karatasi zake!

Kabla ya kutupa kitu cha shaka, usiulize tu kama wewe unakihitaji. Uliza kimetaja jina la nani mwingine. Kama kimemtaja mtu asiyekuwapo, mwite aje au mpelekee chake. Serikali nazo zimelazimika kujifunza hivyo; ndiyo maana Tanzania ina sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002, isiyomwachia mtumishi kuchoma majalada ya umma kwa hiari yake.

Barua pepe nazo zimeleta mtihani mpya wa jambo lilelile. Ray Tomlinson alituma ujumbe wa kwanza wa aina hiyo kati ya kompyuta mbili mwaka 1971. Mwaka 2004 Gmail ilipoanza na nafasi kubwa kuliko zilizozoeleka, watu waliambiwa kwamba hakuna tena haja ya kufuta. Tukatii, na leo mtu ana barua elfu kumi ambazo hazichukui hata pembe ya meza. Hapa hakuna mchwa, lakini kuna neno la siri, ambalo mwenyewe akifa huenda nalo kaburini. Wajukuu wangu hupokea stakabadhi, matokeo ya mitihani na barua za ajira kwa simu peke yake. Nawaambia wafanye kama yule mama wa mkoba wa ukili: zile chache za daima wazichapishe, na neno la siri walihifadhi mahali ambapo mtu mmoja wanayemwamini anapajua.

Kusafisha nyumba ni wajibu, na mzee anayewaachia watoto wake gunia la karatasi amewaachia mzigo. Lakini azichambue yeye mwenyewe angali hai, taratibu, karatasi moja baada ya nyingine, maana yeye ndiye wa mwisho anayejua kila moja inamsemea nani.