SOMO LA TISA: KOMPYUTA YA MPAKATO ILITOKA WAPI?

Natumaini wote mmekwisha kuketi, na madaftari yako tayari. Aliye karibu na redio aipandishe sauti kidogo ili na walio nyuma wasikie. Nanyi mnaoyasoma maneno haya katika kijitabu baada ya kipindi, someni pole pole. Hapana haraka.

Juma lililopita mlijifunza kuifungua kompyuta, kuiwasha na kuizima. Baada ya somo hilo, mwalimu mmoja aliniletea barua. Aniambia kuwa mama mmoja wa darasani mwake alisimama akauliza: "Kwa nini twaambiwa tukate, tubandike, tuweke katika faili, na hali humo ndani hamna mkasi, wala gundi, wala karatasi? Nani aliyatunga maneno hayo?"

Swali hilo ni zuri mno. Leo nitalijibu kwa njia ya historia, kwa maana mtu akijua kitu kilikotoka, hukiogopa kidogo.

Tuanze na jina. Mjini wengi hukiita chombo hiki laptopu. Kiswahili kina jina lake: kompyuta ya mpakato. Neno hilo limetokana na kupakata. Mama humpakata mtoto, yaani humweka mapajani. Basi kompyuta ya mpakato ni ile iwezayo kuwekwa mapajani. Lakini kompyuta za kwanza hazikuweza kupakatwa hata na zimwi la hadithini.

MTAMBO ULIOJAZA CHUMBA

Mwezi wa Februari 1946, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, nchi ya Marekani, watu walionyeshwa mtambo uitwao ENIAC. Uzito wake ulikuwa tani zipatazo 30. Ndani yake mlikuwa na valvu za kioo zipatazo 18,000, za jamii ya zile zilizokuwamo katika redio za zamani. Kazi yake ilikuwa hesabu, na ulijengwa kwanza kwa ajili ya hesabu za mizinga ya jeshi.

Mtambo huo haukuwa na kioo cha kusomea, wala haukuweza kuandika barua. Aliyetaka kuupa kazi mpya ilimpasa kuchomoa nyaya na kuzichomeka mahali pengine, na kugeuza swichi nyingi. Kazi hiyo ngumu waliifanya wanawake sita, wakiwamo Kay McNulty na Betty Jennings. Kwa miaka mingi hawakupewa sifa waliyostahili. Nawataja leo makusudi, ili dada na mama zetu mnaosikiliza mjue kuwa kompyuta haikuwa kazi ya wanaume peke yao, tangu siku ya kwanza.

Je, tani 30 zilipunguaje hata zikatosha mapajani? Valvu ziliachwa. Mwaka 1947 wataalamu wa Bell, huko huko Marekani, walitengeneza transista, kitu kidogo kifanyacho kazi ya valvu bila ya joto jingi. Mwaka 1958 Jack Kilby akaonyesha jinsi ya kuunganisha sehemu nyingi katika kipande kimoja. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ikauza kijibamba kidogo kuliko ukucha, chenye transista 2,300. Basi chumba kizima kilianza kuingia kiganjani.

VITUFE VILITOKA KWA KARANI

Sasa tazameni vitufe vya kuandikia. Mstari wa juu wa herufi waanza Q, W, E, R, T, Y. Wengi huuliza kwa nini haukuanza A, B, C kama tulivyofundishwa.

Mpango huo una umri mkubwa kuliko kompyuta yenyewe. Ulitokana na mashine ya taipu ya Christopher Latham Sholes, mtu wa magazeti katika mji wa Milwaukee. Mashine hiyo iliuzwa na kampuni ya Remington tangu mwaka 1874. Remington walikuwa watu wa bunduki na cherehani. Kwa hiyo mashine zao za kwanza ziliwekwa juu ya meza kama ya cherehani, na nyingine zilikuwa hata na pedali ya mguu!

Mashine ya kwanza iliandika herufi kubwa tu. Mwaka 1878 Remington wakatoa nyingine yenye herufi kubwa na ndogo, na kitufe cha kubadilisha. Kitufe hicho ndicho mnachokibonyeza hata leo mkitaka kuandika herufi kubwa mwanzo wa jina lenu. Tena, karani wa taipu alipofika mwisho wa mstari alirudisha roli ya karatasi kwa mkono ili aanze mstari mpya. Leo kazi hiyo hufanywa na kitufe kikubwa cha upande wa kulia kilichoandikwa Enter.

Makarani walikwisha kuzoea mpango ule wa herufi, na watengenezaji wa kompyuta wakaufuata. Basi usijione mjinga ukiitafuta herufi moja kwa dakika nzima. Kila karani alianza hivyo.

MKASI NA GUNDI

Hapa ndipo lilipo jibu la yule mama.

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha mbele ya mkutano wa wataalamu jinsi mtu awezavyo kuyasogeza maneno katika kioo kwa kutumia kidude cha mkononi. Kidude cha kwanza cha namna hiyo kilitengenezwa na Bill English mwaka 1964, kwa ubao, kikiwa na magurudumu chini na waya kama mkia. Kwa ajili ya mkia huo kikaitwa panya, nasi twakiita kipanya.

Baadaye, katika miaka ya 1970, watu wawili, Larry Tesler na Tim Mott, walikuwa wakitengeneza programu ya kuandikia katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, huko Palo Alto. Programu hiyo ilikuwa ya wahariri wa vitabu vya shule. Hawakujifungia chumbani wakatunga mambo yao. Walitaka kujua kwanza wahariri walifanyaje kazi yao ya siku zote. Wakaona kuwa mhariri akitaka kuhamisha maneno, huchukua mkasi akaikata karatasi, kisha huchukua gundi akakibandika kipande mahali pengine.

Basi wakaifanya kompyuta ifanye vivyo hivyo. Kukata, kunakili, kubandika! Mwaka 1983 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta iitwayo Lisa, na Tesler alikuwa mmoja wa waliofanya kazi juu yake. Ndani yake herufi X ilikuwa ya kukata, C ya kunakili, V ya kubandika, na Z ya kutangua ulilokosea. Tazameni vitufe vyenu: herufi hizo nne zimekaa pamoja, chini, upande wa kushoto. Katika kompyuta nyingi za leo, shikilia kitufe kilichoandikwa Ctrl, kisha gusa mojawapo.

MEZA NDANI YA KIOO

Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa mashine iitwayo Star. Katika kioo chake mlikuwa na picha ndogo ndogo za vitu vya ofisi: karatasi, kabrasha na kabati. Kioo kilifanywa mfano wa meza ya karani. Lakini mashine moja iliuzwa zaidi ya dola 16,000, na wanunuzi walikuwa wachache. Mpango wake ulienea kwa mashine nyingine zilizokuwa rahisi, kama Macintosh ya mwaka 1984, kisha Windows.

Kadhalika, ile picha ya mraba mdogo mnayoibonyeza mkitaka kuhifadhi kazi yenu ni picha ya disketi. Kampuni ya IBM ilianza kuuza disketi mwaka 1971, na kwa miaka mingi kazi nyingi zilihifadhiwa humo. Siku hizi ni vigumu kuiona disketi dukani, lakini picha yake imebaki, kama vile jina la babu libakivyo katika ukoo.

SAFARI YA KUPUNGUA UZITO

Mwaka 1972 Alan Kay, wa kituo kile kile cha Xerox, aliandika juu ya kompyuta ndogo kama daftari, ambayo hata mtoto angeweza kuibeba. Wakati ule haikuwezekana kuitengeneza.

Mwaka 1981 Adam Osborne aliuza kompyuta ya kubeba. Ilifungwa kama cherehani katika sanduku lake, na uzito wake ulikuwa kilo 11 hivi, zaidi ya ndoo ya maji ya lita kumi. Mwenye kuipakata hiyo angeumia! Mwaka 1982 ikatoka GRiD Compass, iliyochorwa na Mwingereza Bill Moggridge. Hiyo ndiyo iliyokuwa na kioo kinachofunika vitufe kama jalada la kitabu. Bei yake ilikuwa dola 8,150. Mwaka 1985 kampuni ya Toshiba ya Ujapani ikatoa T1100, yenye uzito wa kilo 4 hivi na betri yake ndani. Mwaka 1994 Apple wakaweka chini ya vitufe kile kibao laini cha kupapasa kwa kidole. Hapo umbo la leo likawa limetimia.

HAPA KWETU

Kompyuta ya kwanza katika Tanzania ililetwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilikataza kuingiza kompyuta nchini, na baadaye amri hiyo ikalegezwa. Lakini miaka hiyo hiyo elimu ya watu wazima ilikuwa ikisonga mbele kwa njia nyingine. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 watu walikusanyika kwa vikundi kandokando ya redio wakisikiliza masomo ya Mtu ni Afya, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walisikiliza, wakajadiliana, wakatenda. Ndiyo njia tuifuatayo leo.

Mwaka 2004, kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa programu ya Jambo OpenOffice, ambayo maagizo yake yote yalikuwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuwaambia kuwa kompyuta haisemi lugha yetu.

KUTOJUA KUNA GHARAMA

Labda mtu atasema, "Mimi ni mzee. Nitamlipa kijana aniandikie." Ndugu yangu, sikiliza.

Namjua mama mmoja, mweka hazina wa chama cha kuweka na kukopa. Kila mwezi alimpelekea kijana wa duka la vifaa vya ofisi daftari lake, naye akampigia orodha ya akiba. Mwezi mmoja sifuri moja iliachwa. Mwanachama aliyeweka shilingi 200,000 akaonekana ana 20,000. Orodha ikasomwa mkutanoni. Kwa majuma mawili mama yule hakuweza kupita sokoni bila kunong'onwa. Kazi ilikuwa ndani ya kompyuta, naye hakujua kuifungua ailinganishe na daftari. Daftari lake la mkono ndilo lililomwokoa hatimaye. Hakuna aliyemwibia mtu, sifuri tu. Lakini jina la mtu likichafuka, hapana kitufe cha kulitangua.

Mama huyo sasa huandika orodha yake mwenyewe. Huandika kwa vidole viwili, tena pole pole, lakini kila tarakimu aijua.

Nami nisijifanye hodari. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika majina ya wanafunzi tangu asubuhi hata saa nane. Umeme ukakatika, na kompyuta niliyopewa haikuwa na betri. Sikuwa nimehifadhi hata jina moja. Nililia, sioni haya kusema. Tangu siku ile, kila baada ya mistari michache nahifadhi. Nanyi fanyeni hivyo.

Ndugu wasikilizaji, sasa mwaona. Mkasi, gundi, kabrasha, meza, karani: vitu vya kompyuta vilitolewa katika kazi za mikono. Waliovitengeneza waliwauliza kwanza wafanyakazi. Mtu mzima aliyeweka hesabu ya duka, aliyetunza hati za shamba, au aliyepanga nguo kabatini, amekwisha kuijua nusu ya somo. Nusu iliyobaki ni mazoezi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kompyuta ya kwanza iliyotajwa katika somo ilikuwa na uzito gani? Ile ya Osborne je?
2. Kwa nini twasema "kukata" na "kubandika"?
3. Picha ya disketi katika kioo ina maana gani?
4. Je, katika kijiji au mtaa wenu ni kazi zipi mnazoandikiwa na watu wengine? Mngependa kuanza kujiandikia ipi?

KAZI YA JUMA HILI

Kila mmoja aandike katika kompyuta ya darasa jina lake na mstari mmoja juu ya kazi yake. Ahifadhi. Kisha akate mstari huo na kuubandika juu ya jina, akahifadhi tena. Asiyeweza amwombe jirani amwonyeshe kwa maneno, si kwa kumfanyia.

Juma lijalo tutajifunza kuandika barua ya maombi na kuituma.