TABAKA, NGAZI NA KIUNZI: HISTORIA FUPI YA MGAWANYO WA KAZI KATIKA PROGRAMU ZA WAVUTI, NA ISTILAHI ZAKE

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu za wavuti zilivyokuja kugawanywa katika sehemu zenye kazi mbalimbali, na jinsi historia hiyo inavyomhusu mfasiri, mwalimu na mtumishi wa umma anayetumia Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba istilahi za fani hii haziwezi kuundwa kwa kutazama umbo la neno la kigeni peke yake. Ni lazima kwanza tujue kila sehemu inafanya kazi gani, na ilipataje jina lake.

Tuanze na jambo lililo karibu nasi. Tangu miaka ya 1990 vituo vya afya vya Tanzania Bara vimekuwa vikitumia vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Tuchukue mhudumu wa zahanati iliyo Soweto, jijini Mbeya, au katika kijiji chochote cha Mkoa wa Iringa. Kwanza, anaandika habari za mgonjwa katika rejesta. Pili, mwisho wa kipindi cha taarifa anahesabu kwa kufuata maelekezo: yupi ahesabiwe kuwa mtoto wa chini ya miaka 5, na hudhurio lipi ni la kwanza, lipi ni la marudio. Tatu, anajaza fomu ya majumuisho inayopelekwa wilayani. Rejesta inatunza, maelekezo yanaamua, fomu inaonyesha. Fomu ikichapishwa upya kwa sura nyingine, rejesta haibadiliki. Na maelekezo yakirekebishwa, hakuna haja ya kufuta majina ya wagonjwa wa mwaka jana.

Mgawanyo huo wa kazi tatu, ambao karani yeyote anaufahamu, ndio uliowachukua wataalamu wa kompyuta miaka mingi kuuweka sawa katika programu zao.

2. Asili ya mgawanyo

Wazo la kupanga programu kwa matabaka lilielezwa waziwazi mwaka 1968 na Edsger Dijkstra, mtaalamu wa Kiholanzi aliyekuwa akifanya kazi Eindhoven. Alieleza mfumo wa kuendesha kompyuta uliojengwa tabaka juu ya tabaka, kila moja likitegemea huduma za yale yaliyo chini yake tu. Faida aliyoitilia mkazo ilikuwa ya uhakika: tabaka la chini liliweza kupimwa na kuthibitishwa kabla ya kuwekewa jingine juu. Mwaka 1972 David Parnas aliongeza kanuni nyingine muhimu. Alisema kwamba programu igawanywe kwa kuzingatia maamuzi yanayoweza kubadilika, ili kila sehemu ifiche uamuzi mmoja, na sehemu nyingine zisihitaji kuujua.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyozaa majina yanayotusumbua leo. Mnamo 1978 na 1979 Trygve Reenskaug, Mnorwei ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oslo, alikuwa mgeni katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani. Aliandika maelezo ya kwanza ya mpango wake Mei 1979, na baada ya kuyabadili majina akafikia Desemba mwaka huo utatu unaojulikana sasa duniani kote: modeli, viu na kontrola. Modeli ni maarifa yanayotunzwa kuhusu jambo fulani. Viu ni sura ya maarifa hayo machoni pa mtu. Kontrola ni kiungo kinachopokea maagizo ya mtumiaji na kuyafikisha panapohusika. Msomaji ataona kwamba Reenskaug mwenyewe alihangaika miezi kadhaa kutafuta majina. Uundaji wa istilahi haukuwa rahisi hata kwa mwanzilishi.

3. Wavuti na kuzaliwa kwa viunzi

Wavuti ulipendekezwa na Tim Berners-Lee huko Geneva mwaka 1989, ukafunguliwa kwa umma mwaka 1991. Mwanzoni kurasa zake zilikuwa maandishi yasiyobadilika. Watu walipotaka kurasa zenye kujibu maswali, walitumia vyombo vyepesi, kimojawapo kikiwa lugha ya PHP iliyotangazwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995. Vyombo hivi viliruhusu amri za kompyuta kuandikwa katikati ya maandishi ya ukurasa. Vilifaa kwa kazi ndogo. Kazi ilipokua, ukurasa mmoja ulikuwa na maneno ya kusomwa, kanuni za kukokotoa na maagizo ya kufungua kanzidata, vyote vikiwa vimechanganywa kama pishi la mchele na choroko. Kanuni ileile iliandikwa katika kurasa kumi, na ilipobadilika ilirekebishwa katika saba.

Dawa iliyopatikana ni kile tunachopendekeza kukiita kiunzi. Kiunzi ni programu iliyokwisha kujengwa nusu: ina nguzo na boriti, na mjenzi anaongeza kuta. Kinachokitofautisha na mkusanyiko wa kawaida wa zana ni kwamba chenyewe ndicho kinachoita msimbo wa mtungaji wakati wake ukifika. Mtungaji anaweka kila kitu mahali palipoandaliwa. Miongoni mwa viunzi vilivyoenea ni Ruby on Rails, kilichotolewa mwaka 2004 na David Heinemeier Hansson wa Denmaki, na Django, kilichozaliwa katika chumba cha habari cha gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, kikatolewa kwa umma mwaka 2005.

4. Kisa cha taarifa za afya

Historia hii ilifika kwetu kwa njia ya afya. Katikati ya miaka ya 1990 ulianzishwa Afrika ya Kusini mpango wa kukusanya taarifa za afya za wilaya. Programu yake ya kwanza, DHIS, ilijengwa juu ya Microsoft Access na ilifungwa katika kila kompyuta peke yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Oslo kilianza kuiandika upya iwe ya wavuti, kwa jina la DHIS2, kwa lugha ya Java na kwa kutumia viunzi vya Spring na Hibernate. Programu hiyo iligawanywa katika matabaka matatu: la utunzaji, linalozungumza na kanzidata, la kanuni, linalofanya majumuisho na ukaguzi, na la uso, linaloonekana katika kivinjari. Mwaka 2011 Kenya iliieneza nchi nzima kutoka seva moja ya kati. Tanzania Bara nayo ikaieneza katika wilaya zake miaka iliyofuata mara, na takwimu za MTUHA zilizokuwa zikikaa katika makaratasi zikaanza kuingizwa humo.

Sasa mgawanyo ule wa rejesta, maelekezo na fomu ulikuwa umeingia katika mashine. Na hapa ndipo umuhimu wake unapodhihirika. Kanuni ya kumtambua mtoto wa chini ya miaka 5 ikiandikwa katika tabaka la kanuni, mara moja tu, Mbeya na Iringa zitahesabu kwa namna moja. Ikiandikwa katika uso, kila ukurasa kwa namna yake, idadi ya watoto katika taarifa mbili haitalingana, na mganga mkuu wa mkoa hatajua aiamini ipi.

5. Mahali pa lugha

Mfasiri naye ana faida yake katika mgawanyo huu. Maneno yanapokaa katika tabaka la uso, katika majalada yake yenyewe, yanaweza kutafsiriwa pasipo kugusa kanuni. Huo ndio msingi wa kazi ya mwaka 2004, wakati mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulipotoa programu za ofisini kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Wafasiri walipewa orodha za maneno na sentensi. Mashine za ndani ziliachwa kama zilivyo.

Hata hivyo, mgawanyo huu haukufanywa kwa kuzingatia sarufi ya Kibantu. Mtungaji anayefikiri kwa Kiingereza huandika sentensi moja yenye pengo, ili jina la kitu chochote liingizwe, kisha kitenzi kimoja kiyatumikie yote. Mfasiri akiandika “imefutwa” baada ya pengo hilo, “ripoti imefutwa” itakuwa sahihi. Lakini programu hiyohiyo itatoa pia “mgonjwa imefutwa”, “kituo imefutwa” na “daftari imefutwa”. Upatanisho wa ngeli, ambao ni kazi ya uso, umefungiwa katika tabaka ambalo mfasiri haruhusiwi kuingia. Njia za kutokea ni mbili: kudai kila jina lipewe sentensi yake kamili, au kuigeuza sentensi ili kitenzi kisitegemee pengo, kwa mfano “Umefuta:” kisha jina. Ya kwanza ni bora. Ya pili ni ya dharura. Mtumishi wa umma anayesimamia ununuzi wa programu anaweza kulidai jambo hili katika mkataba kabla kazi haijaanza. Likisubiri hadi programu ikamilike, gharama yake ni kubwa.

6. Matatizo ya istilahi

Tuyatazame maneno yenyewe. La kwanza ni tabaka. Baadhi ya watu hulikwepa kwa kuwa linakumbusha matabaka ya jamii, wakapendekeza ngazi. Lakini tayari tunasema tabaka la ozoni na matabaka ya miamba, wala hakuna anayetatizika. Zaidi ya hayo, ngazi inahitajika kwingineko. Wataalamu hutofautisha mgawanyo wa msimbo, ambao unaweza kukaa wote katika mashine moja, na mgawanyo wa mashine zenyewe: kompyuta ya mtumiaji, seva ya programu na seva ya kanzidata. Tunapendekeza tabaka kwa maana ya kwanza na ngazi kwa ya pili. Programu yenye matabaka matatu inaweza kuwa katika ngazi moja, na sentensi hii isingewezekana kama tungekuwa na neno moja.

La pili ni jina la tabaka la kati. Tafsiri ya neno kwa neno imetuletea “mantiki ya biashara”. Katika zahanati ya Soweto hakuna biashara. Neno la asili lina maana ya shughuli yoyote ya taasisi. Tabaka la kanuni za kazi ni jina linaloeleweka hospitalini, shuleni na mahakamani.

La tatu, na gumu kuliko yote, ni viu. Katika utatu wa Reenskaug, viu ni sura. Katika Django, viu ni sehemu ya msimbo inayopokea ombi na kuamua ni maarifa gani yatolewe. Sura yenyewe huitwa kiolezo, na kazi kubwa ya kontrola huachiwa kiunzi chenyewe. Kwa hiyo mfasiri aliyekariri kwamba viu ni “mwonekano” atamfundisha mwanafunzi kutafuta rangi na herufi mahali palipo na maamuzi. Tunapendekeza sura kwa viu ya Reenskaug, na kipokea-ombi kwa viu ya Django. Modeli libaki kama lilivyo. Kontrola iitwe kidhibiti.

Kuna watakaosema kwamba neno la kigeni liingie tu, litazoeleka. Ni kweli kwa majina ya mahali. Soweto lenyewe ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi, yaani vya Johannesburg. Lilipofika Mbeya liliiacha maana hiyo njiani, na hakuna mkazi aliyepotea kwa sababu hiyo. Jina la mahali linatosha kuelekeza kidole. Istilahi inadaiwa zaidi, kwa kuwa mwanafunzi anaitumia kujua kitu kinafanya nini.

7. Hitimisho

Mapendekezo haya si maneno sanifu. Yanatolewa yajadiliwe na walimu wanaofundisha fani hii na wafasiri wanaoandaa miongozo yake. Tunaomba kila pendekezo jipya liambatane na maelezo ya kazi ya kitu kinachotajwa na kiunzi kilichotumika. Orodha ya maneno isiyo na maelezo hayo itaturudisha penye viu moja yenye maana mbili.