Namba Sikioni: Watoto Waliobeba Ukoo wa Nguruwe

Mshike mtoto wa nguruwe wa siku moja kwapani, kichwa kikitazama mbele. Sikio lake la kulia linataja mzao aliotoka. La kushoto linamtaja yeye mwenyewe. Mkato wa chini karibu na ncha ya sikio ni moja. Chini karibu na kichwa, tatu. Juu karibu na ncha, tisa. Juu karibu na kichwa, ishirini na saba. Ncha yenyewe ikikatwa, themanini na moja. Ukimkuta nguruwe mwenye mkato mmoja wa tisa, miwili ya tatu na mmoja wa moja sikio la kulia, kisha mmoja wa tatu na mmoja wa moja sikio la kushoto, huyo ni mtoto wa nne wa mzao wa 16 wa shamba lake. Hereni ya plastiki hudondoka na rangi hufutika, lakini mkato huu atakwenda nao hadi mwisho wa maisha yake.

Katika mashamba ya Indiana, Ohio na Iowa, nchini Marekani, koleo la kukatia masikio mara nyingi hushikwa na mtoto wa shule. Atakata, atapaka dawa, ataandika daftarini. Baadaye maandishi yake yatapelekwa kwenye chama cha wafugaji, na cheti kitarudi kikiwa na majina ya wazazi wa nguruwe yule, babu zake na bibi zake. Penye nafasi ya jina la mfugaji aliyemzalisha patakuwa na jina la mtoto. Cheti hicho kikiwa na uongo, ni uongo wake.

Nani alifikiri kumkabidhi mtoto wa miaka kumi dhamana ya namna hiyo? Walikuwa watu wazima walioshindwa kuwashawishi watu wazima wenzao.

Vitabu vya ukoo vilikuwapo kabla ya watoto kuguswa na habari hii. Mwaka 1875 wafugaji wa nguruwe weusi aina ya Berkshire walikutana Springfield, Illinois, wakaunda chama cha kwanza duniani cha kuandika koo za nguruwe. Dume wa kwanza kuingizwa kitabuni, Ace of Spades, alitoka katika zizi la Malkia Victoria wa Uingereza. Mwaka 1883 wakafuata wa Duroc, nguruwe mwekundu ambaye jina lake ni la farasi: mkulima Isaac Frink wa jimbo la New York alikwenda mwaka 1823 kumtazama farasi dume maarufu aitwaye Duroc, akarudi nyumbani na watoto wa nguruwe wekundu kutoka shamba lilelile, akawaita kwa jina la yule farasi. Mwaka 1893 wafugaji wa nguruwe weusi wenye mkanda mweupe mabegani nao wakajiunga, na baadaye nguruwe wao wakaitwa Hampshire. Waliohudhuria vikao hivyo walikuwa wanaume wenye mashamba na mvi. Kila kitabu kilikuwa cha wakubwa.

Kusini mwa Marekani hali ilikuwa nyingine. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu mharibifu wa pamba alivuka kutoka Mexico, akaingia Texas, akasonga mashariki kaunti baada ya kaunti. Familia zilizotegemea pamba pekee zilibaki mikono mitupu. Wizara ya Kilimo ilimtuma mzee Seaman Knapp na mabwana shamba wake kuwahimiza wakulima walime mahindi, wafuge, wabadilishe mazao. Kina baba waliwasikiliza kwa heshima, wakawakaribisha chakula, kisha wakapanda pamba.

Ndipo walimu wakaanza kupita kwa watoto. Kule Ohio, Januari 1902, mkuu wa shule A. B. Graham alikuwa tayari amewakusanya watoto wa Springfield katika klabu ya kilimo. Mississippi ikaanza yake mwaka 1907, kila mvulana akilima ekari yake ya mahindi kwa mbegu na maelekezo ya bwana shamba. Mwaka 1910 kijana Jerry Moore wa South Carolina alivuna mahindi ambayo kwa vipimo vyetu ni kiasi cha magunia 58 ya kilo mia, katika ekari moja. Mkulima wa Rukwa au Trans Nzoia anayeshukuru Mungu akipata gunia ishirini ataelewa kwa nini habari ile ilizunguka nchi nzima. Hakuna baba aliyeweza kuendelea kumwambia bwana shamba kwamba haiwezekani, na mvulana wa jirani ameshaiweza.

Lakini magunia 58 ya nini, kama mahindi yenyewe hayana bei? Anayefuga anajua njia fupi ya kugeuza mahindi kuwa fedha. Mwaka huohuo wa 1910, katika Caddo Parish, Louisiana, klabu ya kwanza ya watoto wafuga nguruwe ikaanzishwa. Miaka michache tu baadaye klabu hizo zilikuwa zimesambaa majimbo ya Kusini, wizara ikiziunga mkono.

Naona hapa ndipo jambo kubwa lilipofanyika, na limeandikwa kidogo mno. Nguruwe waliozurura vichakani wakati ule walikuwa wembamba, wa pua ndefu, wasio na ukoo unaojulikana. Klabu ilimtaka mtoto awe na nguruwe jike mchanga wa mbegu halisi, mwenye cheti. Mnyama wa aina hiyo alikuwa ghali kuliko uwezo wa nyumba nyingi, kwa hiyo benki za miji midogo zikakubali kukopesha. Zilimkopesha nani? Mtoto. Mvulana wa miaka kumi na miwili alivaa shati safi, akaingia benki mbele ya watu wanaomjua baba yake, akatia sahihi hati ya deni kwa jina lake mwenyewe. Mahali pengine hakukuwa na fedha taslimu: alipewa jike, na jike huyo akizaa, alirudisha mtoto wa kike ili apewe mwenzake. Wafugaji wa Tanzania wana jina zuri la mpango wa aina hii, kopa ng'ombe lipa ng'ombe.

Nguruwe hubeba mimba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Mtoto mwenye deni benki alizihesabu siku 114 moja moja. Alijifunza kupima chakula, kutandika majani makavu, kukesha usiku wa kuzaa ili mama asiwalalie watoto. Alijifunza pia kuhusu homa kali ya nguruwe, ugonjwa uliokuwa ukifagia mabanda ya kaunti nzima. Marion Dorset na wenzake wa Wizara ya Kilimo walikuwa wametoka tu kutengeneza kinga yake, na wakulima wengi waliiogopa sindano. Wanaklabu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuona nguruwe waliochanjwa wakisimama huku wa majirani wakifa. Homa ile ilitangazwa kuisha Marekani mwaka 1978, na sehemu ya safari hiyo ilipita katika mabanda ya watoto.

Mwaka 1914 sheria ya Smith-Lever iliziweka klabu chini ya vyuo vya kilimo na serikali, zikaja kujulikana kwa jina la 4-H: kichwa, moyo, mikono na afya. Mwaka 1928, jijini Kansas City, wanafunzi wa masomo ya kilimo wakaunda chama chao cha wakulima wa kesho, FFA. Katika vyama hivyo watoto walichagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wakaandika kumbukumbu za kikao, wakasimama kuhutubia. Mbegu hiyo ilifika hata Afrika Mashariki. Kenya iliunda 4K katika enzi ya uhuru, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na mwaka 2021 serikali ikazifufua klabu hizo mashuleni.

Haki inataka tuseme pia nani aliachwa nje. Kusini, watoto weusi walikuwa na klabu zao tofauti, zenye fedha kidogo, zikisimamiwa na mabwana shamba weusi waliofuata nyayo za Thomas Campbell, aliyetoka chuo cha Tuskegee mwaka 1906 na gari la farasi lililojaa zana na mbegu. Vijana weusi wa masomo ya kilimo waliunda chama chao cha kitaifa hukohuko Tuskegee mwaka 1935. Mwaka 1965 chama hicho kiliunganishwa na FFA, kile cha wazungu, na katika muungano huo kikapoteza jina, nembo na viti vya uongozi vya vijana wake. Wasichana nao walielekezwa kwenye nyanya na makopo ya kuhifadhia chakula wakati kaka zao wakipewa nguruwe. FFA iliwafungulia mlango kitaifa mwaka 1969. Leo ukitazama ulingo wa maonyesho utaona wasichana wengi, na nikikumbuka tarehe hiyo naona miaka iliyopotezwa bure.

Maonyesho yenyewe yanastahili kutazamwa kwa karibu. Ng'ombe huongozwa kwa kamba, nguruwe hafungwi. Mtoto huingia ulingoni na fimbo nyembamba mkononi na brashi mfuko wa nyuma. Akitaka nguruwe ageuke kushoto, humgusa shavu la kulia. Hutakiwa kumweka mnyama kati yake na mwamuzi, asimzibe, asimwache ajibanze pembeni, na macho yake mwenyewe yasimwache mwamuzi. Nguruwe ambaye hakutembezwa jioni baada ya jioni kwa wiki nyingi ataonekana dakika ya kwanza. Halafu mwamuzi huja na maswali: amezaliwa lini, mikato ya sikio inasomekaje, anakula nini. Hapo hakuna baba wa kumjibia.

Ulingo huo una hatari yake. Mwamuzi anachokipenda mwaka huu ndicho mashamba yatakachozalisha mwaka ujao. Zama za mafuta ya nguruwe walipendwa wanene wafupi. Baadaye nchi ikataka nyama isiyo na mafuta, wakasakwa wenye misuli mikubwa, na katika kusakwa huko wakaenea nguruwe waliokufa ghafla kwa mshtuko, wakisukumwa tu kupanda lori, na nyama yao ikawa nyeupe yenye majimaji. Mwaka 1991 wanasayansi walikitambua kinasaba chenye kosa, ikawezekana kumpima kila mnyama kabla hajazalishwa. Kijana anayefundishwa kuhukumu nguruwe leo hufundishwa kutazama umbo pamoja na takwimu za ukoo wake, nami naona hilo ni somo zito kuliko kikombe chochote.

Kisha mashamba yakaanza kufungwa. Mwaka 1980 Marekani ilikuwa na wafugaji wa nguruwe zaidi ya 600,000. Kufikia mwaka 2000 hawakufika 100,000. Kampuni kubwa zilitengeneza mbegu chotara zao wenyewe, hazikumhitaji mfugaji mdogo mwenye dume mmoja wa Hampshire. Desemba 1998 bei ya nguruwe hai ilianguka hadi kiasi cha senti 10 kwa ratili. Waliokuwa wameshikilia kwa matumaini wakaachia.

Vyama vya ukoo vikaanza kuunganisha nguvu. Mwaka 1994 vyama vya Duroc, Hampshire na Yorkshire viliweka vitabu vyao chini ya ofisi moja huko West Lafayette, Indiana, mji wa Chuo Kikuu cha Purdue, na cha Landrace kikafuata. Mwaka 2000 ofisi hiyo ikaunda chama cha vijana, National Junior Swine Association. Wenzao wa Berkshire, Chester White, Poland China na Spotted wana chao, Team Purebred. Mwanachama hatakiwi awe amevuka miaka 21. Vijana huchaguana wenyewe kuunda bodi, na wajumbe wa bodi ndio wanaoendesha mashindano, kuandaa makongamano ya uongozi na kuwapokea watoto wadogo wanaoingia na nguruwe wao wa kwanza.

Kwa hiyo historia ikawa imejigeuza. Mwaka 1910 watoto walipewa mbegu halisi kwa sababu wazee hawakuitaka. Miaka tisini baadaye mbegu halisi ilibaki hai kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya watoto, maana wao ndio waliokuwa bado wanainunua, kuizalisha na kuiandikisha. Sifurahii kila kitu katika hili. Nguruwe wa maonyesho amekuwa ghali, na familia isiyo na uwezo husimama nje ya uzio ikitazama, jambo ambalo benki ya mji mdogo wa Kusini ilikuwa imelitafutia dawa. Ningependa kuona mpango wa jike kwa jike ukirudi kwa nguvu katika vyama hivi vya vijana.

Mwaka 2019 maonyesho makubwa ya nguruwe ya kila Juni jijini Des Moines, Iowa, yalifutwa kwa hofu ya homa ya nguruwe ya Afrika iliyokuwa ikiteketeza mabanda ya China. Ugonjwa huo ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza hapa kwetu, na daktari wa mifugo Montgomery, nchini Kenya, mwaka 1921, na mfugaji yeyote wa Kiambu au Mbeya anajua unavyoacha banda. Hauna dawa. Kinga yake ni uzio, maji ya dawa mlangoni, viatu visivyotoka shamba moja kwenda jingine, na daftari linaloonyesha kila nguruwe alitoka wapi.

Mtoto aliyeandika mzao wa 16, nguruwe wa nne, analo daftari hilo. Akitimiza miaka 22 atatoka katika chama cha vijana, na koleo lake litachukuliwa na mdogo wake.