Habari za Mrimba na Waliotunza Habari za Kilwa

Hizi ndizo habari za Kilwa na za watu waliozitunza. Nimeziandika kwa sababu mgeni anayevuka kutoka Kilwa Masoko, bara, kwenda Kilwa Kisiwani husimuliwa kwanza Ali bin Hasan wa Shiraz, na Mrimba hutajwa kama mtu aliyeuza kisiwa akaenda zake. Jambo hili si haki.

Wazee wanasema waliotangulia kujenga Kisiwani walikuwa Watakata, wakafuata Wajasi. Wa tatu akaja Mrimba na Wamachinga wake, naye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mji siku jahazi la Washirazi lilipotia nanga. Ali akatoa zawadi, akaomba kukaa. Mrimba akamkubalia, kisha akamwoza bintiye. Siku zilipopita, Ali akamtuma mkewe amwambie babaye ahamie bara, kwani mtu na mkwewe hawapendezi kukaa mji mmoja. Mrimba akasema: atandaze nguo kutoka hapa hata ng'ambo, nipite juu yake. Nguo zikatandazwa, akapita, mji akauacha.

Alipofika bara akajuta, akataka kurudi kwa vita. Zamani zile maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu. Washirazi wakasoma Kurani, wakatoa kafara, bahari ikajaa isipwe tena. Mkondo huo upo hata leo, na vyombo vinapita humo.

Lakini habari haiishii hapo, ingawa wengi huikatia hapo. Mtoto wa Ali, Mohamed, alipokuwa mtu mzima alivuka kwenda kumwamkia babu yake, na Mrimba akamkabidhi mamlaka. Basi enzi ya Kilwa ilithibitishwa na babu mzaa mama.

Mbali na masimulizi ya wazee, kitabu cha Kiarabu cha habari za Kilwa kiliandikwa na mwana wa mji, aliyezaliwa mwaka 904 Hijria, yaani 1499, akiwa mtoto Wareno walipouteka mji mwaka 1505. Nakala iliyoandikwa Unguja mwaka 1877 iko London. Mreno João de Barros naye alichapa habari za wafalme wetu mwaka 1552.

Hapa sina budi kusimama, kwani ugomvi wa nani aliyeijenga Kilwa ni wa siku nyingi. Wako wataalamu waliosema Kilwa yote ni kazi ya Waajemi. Wakaja wengine wakasema Shiraz ni majivuno matupu. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapa uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya pwani, ya Kilwa, Songo Mnara na Lindi ikiwemo. Nasaba ya kike ikaonekana zaidi ni ya Afrika, ya kiume kwa sehemu kubwa ni ya Uajemi, na kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Binti wa Mrimba na Ali! Maabara ilifika walikokuwa wazee.

Turudi kwenye tarehe. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kisiwani miaka ya 1960. UNESCO iliandika magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ikayaweka katika orodha ya hatari, na 2014 ikayatoa. Walioyasimamisha ni wanavijiji wenyewe, chini ya mafundi. Matumbawe hupangwa juu ya magogo, huchomwa mpaka yageuke chokaa nyeupe, hulowekwa na kuchanganywa na mchanga, ndipo nyufa zizibwe kwa mkono. Saruji haifai, kwani hufungia chumvi na unyevu ndani ya ukuta mpaka jiwe limomonyoke.

Si Kisiwani peke yake wanakotunza habari. Kilwa Kivinje wanatunza habari za Hasan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1895. Lindi wana Tendaguru, ambako mifupa ya dinosaria ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mnyama mmoja aliitwa kwa jina lake mwaka 2007.

Nasema hivi: watunzaji wa Kisiwani, Songo Mnara, Kivinje na Lindi waunganishwe, wapeane masimulizi na nakala, kila mji uwe na chumba chake cha makumbusho. Na kibao cha kwanza pale Kisiwani kianze na Mrimba na bintiye, kisha ndipo Ali.